Ng'ombe Waliomwoa Dorah

Kigera, Musoma
12 Februari 2023

Kaka Stanislausi,

Shikamoo. Nakusalimu wewe, wifi Dorah na tumbo lake, watoto, na mama na yale magoti yake. Mwambie mama dawa ya kuchua naitafuta, nitamtumia. Huku mvua imegoma kabisa, majirani wananung'unika, isipokuwa sisi wauza dagaa, maana sasa wanakauka siku moja tu.

Usishangae kupata barua mwaka huu ambao hata mama ana simu. Simu yangu anayo Masatu. Anakaa nayo kwenye karakana yake ya kuchomelea mageti pale Iringo, na mtu akinipigia anaitika yeye. Anasema mke hana siri. Barua hii nimempa Nyamburi, ambaye naanika naye dagaa, na kila baada ya wiki mbili anapeleka mzigo Kiabakari mpaka huko kwenu. Ni mtu wa kuaminika na hajui kusoma, nafikiri Mungu alimwumba hivyo kwa ajili yangu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Masatu ananipiga. Nimeandika kwa ufupi ili usipate pa kuzungukia. Alianza mwaka jana, nilipotoka hospitali na majibu kwamba mimi sina tatizo la uzazi, labda na yeye akapimwe. Tangu siku hiyo chakula kikichelewa ni kipigo, nikijibu ni kipigo, nikinyamaza nina kiburi. Na huyu ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu, anayetuongozea rozari.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba anatumia mafundisho yako. Lile daftari niliandika nikiwa mwanafunzi wako wa darasa la wachumba pale kigangoni, nimekaa benchi la mbele, najivuna kwamba katekista anayefundisha ndoa ni kaka yangu wa tumbo moja. Masatu amelipigia mistari kwa kalamu nyekundu pale uliposema mume ni kichwa na mke amtii katika yote. Akimaliza kunipiga ananisomesha hapo kwa sauti. Ukurasa wa wajibu wa mume una mistari mitatu tu, kwa sababu siku ile mvua ilianza, ukasema tutamalizia Jumapili. Jumapili ukaanza mambo ya pete na kwaya.

Kaka, naomba nirudi nyumbani. Sisemi kuja kutembea. Nije nikae na mama kwenye nyumba yake, nimchue magoti, nianze maisha upya. Niambie tu njoo, nitakuja na nguo nilizovaa. Jibu lako mpe Nyamburi mkononi, asipewe mtu mwingine.

Mdogo wako,
Hilda

*

Butiama
19 Machi 2023

Mpendwa mdogo wangu Hilda,

Marahaba, na amani ya Bwana iwe nawe. Hapa sote tu wazima. Dorah amejifungua salama mtoto wa kiume, tumemwita Gody. Mama anakusalimu na anaulizia ile dawa. Mihogo ya shamba la chini imeliwa na nyani, hatukuambulia kitu. Unisamehe kwa kuchelewa kujibu. Kwaresima katekista hana siku yake mwenyewe, na mwaka huu nina jozi kumi na moja za wachumba darasani.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimepiga magoti. Imenihuzunisha. Lakini kwa kuwa mimi ni kaka yako na pia mwalimu wako, lazima niseme nawe kama mwalimu. Ndoa si nguo ya mtumba, kwamba ikikubana unamrudishia muuzaji. Mungu ameweka utaratibu nyumbani: mume kichwa, mke msaidizi, na utaratibu huo haukuwekewa sharti kwamba mume awe mpole kwanza. Jiulize na wewe umemkosea nini. Mwanamume kuambiwa akapimwe, tena na mke wake, ni jambo zito. Mtii, mnyenyekee, mpikie vizuri, umshinde kwa upole. Nimeona waume wakali wengi waliolainishwa na wake wanyamavu.

Kuhusu kuja kukaa hapa, tusifike huko. Nyumba ya mama yenyewe inavuja. Suala hili nitalishughulikia kwa utaratibu wa Kanisa, hatua kwa hatua, na wewe uendelee kusali.

Ndugu yako katika Kristo,
Stanislausi

*

Kigera, Musoma
2 Aprili 2023

Kaka,

Shikamoo. Hongereni sana kwa mtoto, mbusu kwa niaba yangu. Dawa ya mama ni hizi chupa mbili alizobeba Nyamburi. Apake asubuhi na jioni, asiifiche kabatini akisubiri maumivu makubwa, namjua.

Nyumba ya mama haivuji. Bati zile nilinunua mimi, kwa dagaa wangu, na nilisimama chini nikimpokeza fundi misumari. Halafu mvua yenyewe haijanyesha tangu Desemba. Wewe umeiona wapi ikivuja?

Kama unashindwa kulitaja, nitalitaja mimi. Ng'ombe walioletwa na kina Masatu kwa ajili yangu hawakukaa zizini kwetu hata mwezi. Uliwaswaga mpaka Kiabakari kwa kina Dorah, ukaoa. Ni desturi yetu, sikulalamika, nilicheza mpaka viatu vikakatika. Mpaka leo Dorah akiniona ananiita mume wake, tunacheka. Lakini sote tunaujua upande wa pili wa desturi hiyo. Nikirudi kwenye boma la baba, na kwa kuwa sikumzalia mtoto, Masatu atadai ng'ombe wake wote. Wewe huna. Itabidi uwafuate Kiabakari, na baba yake Dorah hatatoa ng'ombe akakuachia na binti.

Hiyo ndiyo nyumba inayovuja, kaka. Sikulaumu kwa kuogopa, hata mimi ningeogopa. Nakulaumu kwa kuificha hofu yako ndani ya Maandiko. Sema, Hilda, naogopa kumpoteza mke wangu, halafu tukae tutafute njia, kama tulivyotafuta ada yako ya shule baba alipokufa. Ila usiniambie Mungu anataka nipigwe ili Dorah abaki kwako.

Juzi Masatu alitumia mpira wa bomba. Nijibu upesi.

Hilda

*

Butiama
30 Aprili 2023

Mpendwa Hilda,

Amani ya Pasaka. Mama anasema dawa ni kali lakini inasaidia. Mtoto anakua, ila analia sana jioni. Tulibatiza watu thelathini na wawili mkesha wa Pasaka, nimechoka lakini ni uchovu wa furaha.

Yale ya ng'ombe naona uliyaandika kwa hasira, kwa hiyo sitayajibu.

Nina habari njema. Nilisema nitafuata utaratibu, na nimefuata. Wiki iliyopita tulikuwa na semina ya viongozi Bunda, na shemeji Masatu alikuwepo. Nilimwita pembeni nikamkabidhi barua zako zote mbili azisome mwenyewe. Niliomba kwanza, na moyo ukaniambia si halali mke na ndugu zake kuzungumza nyuma ya mume. Ndugu mwenye kosa huendewa ana kwa ana, hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Hilda, ungemwona! Alizisoma kwa utulivu, hakupandisha sauti hata kidogo. Alinishukuru kwa uwazi wangu. Akaninunulia chakula, samaki sato mzima, tukala pamoja. Alisema mtazungumza nyumbani. Alizikunja barua vizuri akaziweka mfuko wa shati.

Kwa hiyo jambo limefika mahali pake. Sasa kazi yako ni kumpokea kwa unyenyekevu.

Stanislausi

*

Kigera, Musoma
28 Mei 2023

Kwa kaka mpendwa katika Kristo,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzima wa afya, na mume wangu ni mzima wa afya.

Barua zile mbili nilizokuandikia hazikuwa za kweli. Niliziandika kwa kushawishiwa na shetani na kwa kiburi cha moyo. Mume wangu hajawahi kunitendea ubaya. Mume wangu ni kichwa changu na mimi ni mwili wake. Nimemwomba msamaha kwa magoti naye amenisamehe. Sasa nyumbani kwetu kuna amani kama ulivyotufundisha.

Usiandike tena kupitia Nyamburi. Ukiwa na neno, mpigie mume wangu.

Mimi mke mtii,
Hilda Masatu

*

Butiama
25 Juni 2023

Mpendwa dada yangu Hilda,

Tumsifu Yesu Kristo, milele na amina! Natuma barua hii kupitia shemeji, ili ajue hatuna la kuficha. Mtoto anaanza kujigeuza. Mama anakusalimu. Alisema katika barua yako hukumsalimu, jambo ambalo hujawahi kufanya, lakini nilimwambia umesahau kwa furaha.

Hilda, barua yako imefanya kazi kuliko mahubiri yangu ya mwaka mzima. Jumapili iliyopita niliisoma darasani mbele ya jozi zote kumi na moja, kama ushuhuda. Sikutaja jina, nilisema ni mama mmoja wa Musoma. Watu walilia. Binti mmoja aliyekuwa anabishana nami tangu mwanzo kuhusu utii, siku hiyo alinyamaza kimya. Dorah peke yake ndiye aliyetoka nje, alisema mtoto ana joto.

Naona Mungu alikupitisha mahali pagumu ili uwe mwalimu wa wengine. Mwaka kesho, shemeji akikubali, njoo uwape neno mwenyewe.

Kaka yako mwenye furaha,
Stanislausi

*

Bunda
3 Septemba 2023

Stanislausi,

Shikamoo. Msalimie mama, msalimie mama, msalimie mama. Nimeandika mara tatu kufidia ile moja iliyokatazwa.

Barua ya mwezi wa tano sikuitunga mimi. Masatu alirudi kutoka semina yenu na barua zangu mfukoni, akiwa ameshiba sato. Alifunga mlango, akafungulia redio kwa sauti, akaanza. Alinipiga ubavu wa uso mpaka nikasikia kitu kinapasuka ndani, halafu redio nikaisikia upande mmoja tu. Nilikaa ndani wiki tatu, akiwaambia wanajumuiya nina malaria. Uso ulipopona akaleta karatasi na kalamu. Alisimama nyuma yangu akinitajia neno kwa neno, na aliponiona nataka kuanza na salamu ya mama akanishika shingo akasema hapana, mama yako anajuaga kusoma katikati ya mistari. Hiyo ndiyo barua uliyowasomea wachumba wako wakalia. Huyo binti mbishi uliyemnyamazisha, Stanislausi, ukimwona mwombe msamaha kabla hajaolewa.

Nilitoka mwezi wa nane, asubuhi, yeye akiwa karakana. Nyamburi alikuwa anapakia dagaa kwenye fuso. Aliniona navyogeuza kichwa kuitafuta sauti yake, akaelewa. Alisema, "Mimi nilikuwaga nafikiri zile karatasi ni salamu tu. Kumbe nilikuwaga nabeba kilio. Panda hapa kati ya magunia." Ndivyo nilivyofika Bunda, nanuka kama ghala.

Niko kwa Adventina, fundi cherehani niliyesoma naye shule ya msingi. Alinipeleka polisi nikachukua PF3, ile fomu ya matibabu ya aliyepigwa, halafu hospitali. Daktari ameandika kwamba ngoma ya sikio la kushoto imechanika kwa kupigwa na kwamba nimechelewa mno kutibiwa. Karatasi ninazo. Adventina ana chumba kimoja, watoto wawili na mimi. Naona anavyolala amejikunja.

Nakuuliza kwa mara ya mwisho, na safari hii nataka jibu la neno moja. Nije nyumbani kwa mama, au nisije?

Hilda

*

Butiama
15 Oktoba 2023

Hilda,

Marahaba. Mama anaendelea vizuri, ila siku hizi haongei sana nami. Gody anatambaa. Mahindi yameota vizuri.

Pole kwa sikio.

Nimeandika barua hii mara nne na kuichana. Masatu alikuja hapa mwezi uliopita na wazee wawili wa ukoo wake. Hawakuketi. Alisimama pale mlangoni, Dorah akiwa anachambua mboga, akasema mbele yake, "Katekista, huyu mama anakaaga hapa kwa ng'ombe wangu. Dada yako akikanyaga hili boma ujue ameniacha, na mimi kesho yake nakuja na kamba." Dorah aliinuka akaingia ndani.

Basi nimekubali, ulisema kweli. Naogopa. Nina watoto watatu. Baba yake Dorah ng'ombe wengine aliwatumia kumwolea mke mtoto wake wa kiume, hawapo tena, itabidi Dorah arudi kwao aolewe kwingine ndipo wapatikane. Nitasimamaje mbele ya watu kufundisha ndoa wakati mke wangu amechukuliwa? Nilikwenda kwa padre. Aliniuliza ni nani aliyenifundisha kwamba kupigwa ni sehemu ya utii. Aliniambia nikakuchukue, na kama ni ng'ombe, nikavunje mwiko niwe wa kwanza kukataa kuwarudisha. Padre ni mtu wa mbali, ndugu yangu, hana shemeji Kiabakari, anaona ni rahisi.

Je, huwezi kumrudia Masatu kwa muda, hata mwaka mmoja, mimi nikija kumwonya mbele ya wazee? Nitakuja mwenyewe. Nitamwambia kwa ukali. Neno moja ulilolitaka sina nguvu ya kuliandika. Niombee.

Stanislausi

*

Bunda
10 Desemba 2023

Stanislausi,

Nimepata barua yako. Nimefurahi kusikia mahindi yameota.

Dorah alikuja hapa Alhamisi ya tarehe 30 Novemba. Najua alikuambia anakwenda kliniki na mtoto. Aliikuta barua yangu ya mwezi wa tisa ndani ya kitabu chako cha mahudhurio ya wachumba, akaisoma, akaisoma tena, akapanda gari. Aliketi kwenye kiti cha cherehani cha Adventina, Gody mgongoni, hata maji hakunywa. Aliniambia, "Wewe ndiye uliyenioa. Mimi nikirudi kwa baba, deni limekwisha, na wewe unarudi kwa mama. Nimeshafunga nguo zangu. Nilikuwa nakusubiriaga wewe tu useme." Nikamuuliza, na watoto? Akasema wakubwa ni wa kwenu, huyu mdogo ataomba aende naye mpaka aache kunyonya. Alisema hivyo bila kulia. Mimi ndiye niliyelia.

Umefundisha miaka kumi na minne, kaka, kwamba Kristo alijitoa nafsi yake kwa ajili ya Kanisa. Mtu wa kwanza katika ukoo wetu kuja kujitoa nafsi kwa ajili yangu ni mke wako, ambaye hukumruhusu kusema neno darasani kwako. Na alimdanganya mumewe ili aje. Sijui utamwandikia dhambi gani.

Nilimkatalia. Nilimwambia afungue nguo zake. Yeye hajanikosea kitu, na watoto wale hawajanikosea kitu, na mimi najua ilivyo kutolewa kwenye nyumba uliyoizoea.

Siku ya pili nilimpigia Masatu kwa simu ya Adventina. Nilimwambia nina PF3 na karatasi ya daktari, na askari wa dawati la jinsia ananisubiri mimi tu nikaandikishe maelezo yangu. Nikampa sharti. Mimi sitaandikisha, na yeye hatadai ng'ombe, maisha. Alikubali haraka, kisha naye akaweka lake: nisikanyage boma la baba, kwa sababu nikionekana nimerudi kwetu na yeye hajadai, watu watamcheka. Niliona anaogopa jela kidogo na kuchekwa sana. Nilikubali. Jumapili aliwaleta wazee wale wawili hapa Bunda, tukaandikiana mbele ya Adventina na mjumbe wa mtaa. Adventina hajaongea nami tangu siku hiyo. Anasema mtu kama yule alitakiwa kuoza ndani, na kwamba atapata mwanamke mwingine wa kumpiga. Ni kweli, na jambo hilo nitalibeba mimi.

Kwa hiyo kaa na mke wako. Hakuna atakayekuja na kamba. Hii ni mara ya pili nakuolea mke, Stanislausi. Mara ya kwanza ulichukua bila kuniuliza, nikafurahi. Mara hii nimetoa mwenyewe, na sina furaha hata kidogo. Nimempa Dorah, sikukupa wewe. Ukimgusa kwa kidole kwa sababu ya safari yake ya Bunda, nitakuja mpaka altareni.

Nimepanga chumba nyuma ya soko, nauza dagaa wa Nyamburi. Sitarudi Butiama. Mama ameniletea neno kupitia Dorah kwamba anataka kuniona, na magoti yake hayawezi tena kupanda gari. Umweleze wewe kwa nini siji. Mweleze kwa maneno yako mwenyewe na usimtaje Mungu.

Siku akifariki mnipe habari mapema. Nitakuja kumzika. Nitasimama nje ya ua pamoja na wageni, na mkimaliza kufukia nitaondoka. Asinifuate mtu kunikaribisha ndani.

Hilda